Barua ya wazi kwa wanaotunza kumbukumbu na sadaka za Abayudaya wa Mbale

Kwa viongozi wa jumuiya ya Abayudaya (Waafrika wanaofuata dini ya Kiyahudi), kilima cha Nabugoye, Mbale, nchini Uganda. Na kwa wakuu wa mashirika ya hisani ya Kiyahudi ya Marekani na kwingineko yanayoshirikiana nao.

YAH: MAJIRANI KATIKA KUMBUKUMBU, SADAKA NA USHIRIKA WENU

Waheshimiwa viongozi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la historia, mkazi wa Wilaya ya Muleba, Mkoa wa Kagera, nchini Tanzania. Si Myahudi, si mtumishi wa shirika lolote, na sijawahi kupokea senti moja ya msaada wenu. Kwa hiyo msitafute ombi la fedha humu ndani, halipo. Ninaandika kwa sababu ya tarehe moja ambayo ninyi mnaikumbuka kwa upande wenu na sisi huku Kagera tunaikumbuka kwa upande wetu, na ambayo, kwa kadiri ninavyoona, ingestahili kukumbukwa na pande zote mbili mahali pamoja.

Tarehe hiyo ni 11 Aprili 1979. Siku hiyo Jeshi la Wananchi wa Tanzania, likiwa pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, liliuteka mji wa Kampala, na utawala wa Idi Amin ukaishia hapo. Jua lilipozama jioni ileile, kwa kalenda ya Kiyahudi, uliingia usiku wa kwanza wa Pasaka ya mwaka 5739, usiku ambao Wayahudi duniani kote huketi mezani kusimulia jinsi babu zao walivyotoka utumwani Misri. Kalenda hiyo niliihesabu mwenyewe mara mbili, maana mwalimu wa historia akikutana na jambo linalopendeza mno anapaswa kulihakiki kwanza. Hesabu ilikuja ileile.

Kaka yangu mkubwa aliondoka nyumbani Novemba 1978, wiki chache baada ya majeshi ya Amin kuvuka mpaka na kuikalia ardhi yetu ya kaskazini ya Mto Kagera. Alikuwa mgambo. Baiskeli yake aliiacha ikining'inia darini, akatuonya wadogo zake tusiishushe mpaka arudi, na hatukuishusha. Matairi yalikauka yakapasuka yenyewe. Hakufika Kampala. Amelala Kaboya, hapa hapa wilayani kwetu, katika makaburi ya mashujaa wa vita vile, ambako mamia ya wenzake wamepangwa safu kwa safu. Kwa muda mrefu niliamini kwamba nayajua yote ambayo kifo chake kilisaidia kuyaleta. Nilijua habari ya mpaka wetu, nilijua habari ya Waganda kupumua. Kwamba kilimani karibu na Mbale palikuwa na watu waliokuwa wakisali kwa siri karibu miaka minane, na kwamba mlango wao ulifunguliwa siku hiyohiyo, sikulijua hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima mwenye mvi.

Nililijua kwa njia ya kawaida kabisa. Binti wa shangazi yangu ameolewa Mbale, na miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumsalimu, nikakaa majuma matatu. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa mkulima wa kahawa, nilitaka kuona wenzetu wa mlima Elgon wanavyoshughulikia arabika, maana sisi huku robusta yetu tunaianika na maganda yake. Mwenyeji wangu akanipeleka kwa mama mmoja mtu mzima, Mwislamu, mwenye shamba la miti michache tu, ambaye zamani alijiunga na ushirika wa wakulima wa kahawa wa Mirembe Kawomera. Mama huyo alikuwa amepiga goti mbele ya ndoo ya maji, akimimina matunda mekundu ndani yake, akiyaopoa kwa kikombe yale yaliyoelea na kuyatupa kando kabla ya kuyapeleka mengine kwenye mashine ya mkono ya kumenyea. Aliponisikia nikimsalimu kwa Kiswahili alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza, kwa Kiswahili kilichochakaa lakini kinachoeleweka, kwamba utotoni lugha hii aliijua kuwa ni lugha ya askari wa Amin kwenye vizuizi vya barabarani, na baadaye akaijua kuwa ni lugha ya askari wengine waliokuja kwa miguu na kuomba maji ya kunywa. Akaongeza kwamba majirani zake Wayahudi ndio waliofurahi kuliko wote, kwa kuwa waliruhusiwa tena kusali. Ndipo nilipoanza kuuliza maswali.

Waheshimiwa, historia yenu mnaijua kuliko mimi, lakini ninayemwandikia barua hii hadharani si ninyi pekee, kwa hiyo niruhusuni niikumbushe kwa ufupi. Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, aliiteka sehemu kubwa ya mashariki ya Uganda kwa niaba ya Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20, akatumaini kupewa ufalme na hakupewa. Alikosana nao, akaingia katika madhehebu ya Kikristo ya Wamalaki, akaendelea kusoma Agano la Kale kwa makini ambayo wamisionari hawakuyatarajia, na mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe. Alipoambiwa kwamba tohara ni ya Wayahudi, alijibu kwa vitendo kwamba basi na yeye ni Myahudi. Alifariki mwaka 1928, na jumuiya aliyoiacha ikaendelea, wakati mwingine ikiwa na walimu kutoka nje na mara nyingi bila mwalimu yeyote isipokuwa kitabu chenyewe.

Hapa nitasema jambo ambalo huenda halisemwi sana katika vipeperushi vya wahisani. Majirani zenu Wagisu wanamkumbuka Kakungulu kwa namna nyingine. Kwao alikuja na bunduki, akaja na machifu wa Kiganda waliowatoza watu kazi na mali. Kaburi lake liko Gangama, na mtu anayepita pale akiwa Myahudi na mtu anayepita pale akiwa mjukuu wa aliyetekwa hawasimami mbele ya mtu mmoja. Sisemi haya kwa kuwashutumu. Hakuna jumuiya isiyokuwa na babu mwenye mambo mawili. Nasema kwa sababu kumbukumbu inayosimulia uongofu wake na kuruka vita vyake itasikika vizuri New York, ila haitasikilizwa na jirani wa nyumba ya tatu kutoka kwenu, na jirani huyo ndiye mtakayezikana naye.

Kisha ikaja miaka ya Amin. Ibada yenu ilipigwa marufuku, masinagogi yakafungwa, watu wakakamatwa, na wengi wakahamia Uislamu au Ukristo ili waishi. Waliobaki walikuwa mia chache tu. Walisali usiku na walificha vitabu. Watoto wa miaka ile sasa ni wazee, na waliokuwa watu wazima wamebaki wachache sana. Ombi langu la kwanza linaanzia hapo: wakusanywe wasimulie, wangali hai, kwa lugha zao wenyewe, Luganda, Lugisu na Lugwere, na masimulizi hayo yaandikwe pia kwa Kiswahili. Wageni wengi wamekwisha kuja na kamera zao, nalo si jambo baya. Lakini mzee anayesimulia kupitia mkalimani, mbele ya mgeni atakayeondoka keshokutwa, husimulia kile anachodhani mgeni amekuja kukitafuta. Mjukuu wake mwenye simu na subira angepata zaidi, na nakala ikabaki Nabugoye, isiwe lazima mtu apande ndege kwenda kuisikiliza sauti ya bibi yake.

Na katika masimulizi hayo, waulizwe na majirani. Aulizwe Mwislamu aliyejua kwamba jirani yake anasali usiku na hakwenda kumchongea. Aulizwe na Mkristo aliyemfichia mwenzake kitabu, kama yupo. Wayahudi wana desturi ya kuwatafuta watu wa namna hiyo: kule Jerusalem, taasisi ya Yad Vashem imekuwa ikiwatambua kwa majina, tangu mwaka 1963, watu wasio Wayahudi waliohatarisha maisha yao kuwaokoa Wayahudi katika mauaji ya Wanazi, na zaidi ya 28,000 wamekwisha kuorodheshwa. Sidai kwamba Mbale ya 1974 ilikuwa sawa na Warszawa ya Poland chini ya Wanazi mwaka 1943. Nadai tu kwamba desturi hiyo ni yenu, na haihitaji kuagizwa kutoka mbali.

Askari wa Tanzania siwaombei nafasi katika orodha kama hiyo, maana nitakuwa nadanganya. Hawakwenda kuwaokoa Wayahudi. Wengi wao, kaka yangu akiwemo, hawakujua kama Uganda kuna Mwafrika Myahudi hata mmoja. Walikwenda kwa sababu nchi yao ilivamiwa. Lakini katika mlo wenu wa Pasaka kuna jambo dogo ambalo nililipenda sana nilipoelezwa: yanapotajwa mapigo kumi ya Misri, kila mtu huchovya kidole katika divai yake na kudondosha tone moja kwa kila pigo, ili kikombe kipungue, kwa kuwa furaha ya aliyekombolewa haipaswi kujaa pomoni wakati wengine walikufa ili yeye akombolewe. Ikiwa Mmisri aliyekuwa mtesi anawekewa tone, naomba mfikirie kama usiku huohuo, Nabugoye, hapangeweza kusemwa neno moja kwa ajili ya waliolala Kaboya. Sentensi moja inatosha, na isemwe kwa Kiswahili, ambacho ndicho walichokuwa wakikizungumza.

Sasa nije kwenye sadaka, kwa kuwa najua wakuu wa mashirika ya ng'ambo wanaosoma barua hii wanasubiri nifike huko. Neno lenu tzedakah na neno letu sadaka ni ndugu wa tumbo moja. Letu limepitia Kiarabu, lenu limebaki katika Kiebrania, na mzizi wake ni uleule wa ukweli na haki. Mwenyezi Mungu na wataalamu wa lugha ndio wanaojua kwa nini sisi tulipolipokea tuliliachia ile maana ya huruma zaidi, ninyi mkaishikilia ile ya haki. Musa bin Maimuni, mwanachuoni wa karne ya 12 aliyeishi Misri, aliyapanga matendo ya kutoa katika ngazi nane, na ngazi ya juu kabisa akaiweka si kwa anayetoa kingi wala kwa anayetoa kwa siri, bali kwa anayemshika mkono mwenzake aliyeyumba, akampa mkopo, au akaingia naye ubia, au akampatia kazi, mpaka asihitaji kuomba tena. Ninyi mnayajua haya tangu utotoni. Mimi nimeyajua uzeeni, na nimeshangaa jinsi yanavyofanana na kile nilichokiona kwenye ile ndoo ya kahawa.

Maana Mirembe Kawomera, kwa maelezo niliyopewa na kwa yale yaliyokwisha kuandikwa, ulikuwa ushirika hasa. J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki wa jumuiya yenu, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, akayaona kwa macho yake yale maghorofa yakishambuliwa. Aliporudi nyumbani, badala ya kuanzisha mfuko wa misaada, mwaka 2004 aliwaita majirani zake Waislamu na Wakristo wakaungana kuuza kahawa yao kwa pamoja. Jina lenyewe ni Luganda, maana yake amani iliyo tamu. Uongozi uligawanywa kati ya dini zote tatu, kahawa ikapata cheti cha biashara ya haki na mnunuzi huko California, na mkulima akalipwa bei aliyoijua kabla ya kuvuna. Mama yule wa ndoo alinionyesha mahali mizani ilipokuwa ikiwekwa, chini ya mwembe. Alisema kitu kimoja ambacho wataalamu wa miradi hukizunguka kwa kurasa arobaini: kwamba ukisimama foleni moja na mtu, mizani moja ikawapima wote, huna tena muda wa kumwogopa.

Sisi Wahaya, kama Waganda, tulikuwa na njia ya kufanya watu wawili wasio ndugu wawe ndugu, nayo tuliiita omukago. Tunda la kahawa lina mbegu mbili zilizolaliana. Kila mmoja alichukua mbegu moja, akaipaka damu ya mwenzake, akaimeza. Tangu siku hiyo msiba wa mmoja ni wa wote wawili na mlango wa mmoja haufungwi kwa mwingine. Sikusudii kuwarudisha watu kwenye kuchanjana. Ninachosema ni kwamba katika omukago hakukuwa na mtoaji na mpokeaji, kwa sababu tunda lilikuwa moja na kila mmoja alimeza nusu yake. Mashirika mengi yanayokuja kwetu hutumia neno ubia katika barua, halafu hutuletea tunda zima wakiwa wamekwisha kulimenya.

Nitoe mfano wa kwetu, na shirika lenyewe nisilitaje, wala halikuwa la Kiyahudi. Shule niliyofundisha miaka yangu ya mwisho ilijengewa tangi la maji ya mvua na wahisani wa mbali. Tangi zuri, la saruji, lenye kibao cha marumaru. Mwaka wa pili koki ikavunjika. Fundi wa kijijini alitaka shilingi 15,000 na alikuwa amesimama pale pale na spana yake, lakini mkataba ulisema marekebisho yoyote yaidhinishwe na ofisi ya wahisani, na ofisi haikujibu. Wanafunzi waliyaangalia maji yakivuja muhula mzima, kwa kuwa kamati ya shule ilikuwa imeambiwa kwamba tangi si lao mpaka mradi ukabidhiwe rasmi. Mwishowe mlinzi wa usiku aliziba kwa gunzi la mahindi na kipande cha mpira. Gunzi lile lilidumu kuliko koki.

Kwa upande wenu, nimeona mambo yaliyo bora kuliko hayo na ni haki niyataje. Shule ya msingi ya Hadassah inasomesha watoto wa Kiyahudi, wa Kiislamu na wa Kikristo katika darasa moja, na shirika la Kulanu la Marekani limekuwa likizisaidia shule zenu kwa miaka mingi. Kituo cha afya cha Tobin, kilichofunguliwa mwaka 2010 kwa msaada wa shirika la Be'chol Lashon, hakimuulizi mgonjwa dini yake kabla ya kumpima malaria. Rabi Gershom Sizomu, aliyetoka kwenye jumuiya hii akasomea urabi Los Angeles na kuwekewa mikono mwaka 2008, alichaguliwa kuwa mbunge mwaka 2016, na kwa hesabu rahisi ya kura hawezi kuwa alichaguliwa na Wayahudi peke yao. Msingi upo. Ninachowaomba wakuu wa mashirika ni kwamba nguvu ya kuamua iende pale pale ulipo msingi: kamati za shule na za kituo ziwe na majirani wenye kura, ziwe na fedha za koki mkononi bila kusubiri jibu kutoka bara jingine, na taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe ukutani kwa lugha ambayo mzazi anaisoma akiwa amembeba mtoto.

Tena naomba Abayudaya wenyewe watoe, waonekane wakitoa. Najua wanatoa, kila Mwafrika maskini hutoa. Huku kwetu tuna vikundi vya kufa na kuzikana. Cha mtaani kwangu kina kauntabuku moja yenye jalada jeusi, ambayo mimi ni katibu wake. Ukiifungua mbele utakuta michango: jina, tarehe, shilingi elfu mbili, elfu mbili, mkungu wa ndizi, kuni. Ukiigeuza na kuifungua kwa nyuma utakuta majina ya waliokufa, na mbele ya kila jina tarehe ya kufa. Inapofika tarehe hiyo, mwaka hadi mwaka, tunapeleka sukari na unga kwa familia, na pale mjane asipokuwapo tunampa jirani yake mhitaji kwa jina la marehemu. Nilipomweleza mwenyeji wangu wa Mbale habari hii alicheka, akasema Wayahudi nao wanayo siku ya mwaka ya marehemu, huwasha taa na kutoa sadaka kwa jina lake. Kitabu kimoja, kwa mbele sadaka, kwa nyuma kumbukumbu. Sijui ni nani aliyewaambia wataalamu kwamba hizo ni idara mbili.

Pale Rwanda kuna mfano mwingine ambao siwezi kuupita, kwa kuwa sisi wa Muleba tuko ziwani na tuliona kwa macho. Mei 1994 Mto Kagera ulikuwa ukileta miili ya Watutsi waliouawa hadi Ziwa Victoria; tuliacha kununua samaki, na wavuvi waliokuwa wamezoea kuvuta nyavu alfajiri walikwenda kuzika watu wasiowajua. Mwaka 2005, mwanasheria Anne Heyman, Myahudi aliyezaliwa Afrika Kusini na kuishi New York, alisikia habari za mayatima wa mauaji yale, akakumbuka jinsi Israeli ilivyowalea katika vijiji vya vijana watoto waliosalia baada ya mauaji ya Wanazi, kama kile cha Yemin Orde kilichoanzishwa mwaka 1953. Akashirikiana na Wanyarwanda, na mwishoni mwa 2008 kijiji cha Agahozo-Shalom kikafunguliwa wilayani Rwamagana. Neno la kwanza ni Kinyarwanda, mahali machozi yanapofutwa. La pili ni Kiebrania, amani. Kila nyumba ina mama yake mlezi, na vijana wanaofundishwa kuponya mioyo yao hupangiwa pia muda wa kuwatumikia wanakijiji wa jirani. Mwaka 2014 mtambo wa umeme wa jua wa megawati 8.5 ulianza kufanya kazi kwenye sehemu ya ardhi ya kijiji iliyokodishwa, na kodi yake husaidia kulipia gharama. Mama Heyman alifariki mwaka huohuo kwa kuanguka kutoka juu ya farasi, na kijiji kikaendelea, jambo ambalo kwangu ndilo cheti chake. Kilikuwa kimeanza kwa mtu kukumbuka msiba wa kwao akautambua msiba wa wengine.

Ninajua pia kwamba ninaandika katika miaka ambayo neno Myahudi likitajwa kijiweni mazungumzo yanahamia Gaza kabla chai haijapoa. Nina maoni yangu juu ya vita hivyo, na walio upande wowote wanayo yao. Lakini mkulima wa Nabugoye hajaulizwa na serikali yoyote kuhusu vita, kama vile jirani yake Mwislamu wa Namanyonyi asivyoulizwa na kundi lolote lenye silaha, na hao wawili ndio waliokuwa wakipanga foleni kwenye mizani moja. Wahisani wa ng'ambo wanaotaka kuitumia jumuiya hii ndogo kama picha ya kubishania mambo makubwa, wa upande wowote ule, wataiumiza. Naomba muikinge.

Mwisho wa yote, niseme bayana kile ninachopendekeza kuhusu ile tarehe. Wilayani kwetu kuna shule za sekondari ambazo zinafundisha Vita vya Kagera kila mwaka na hazijawahi kuonana na mtoto mmoja wa upande wa pili. Nanyi mnazo shule. Hapahitajiki mfuko wala uzinduzi; yahitajika barua kati ya mwalimu mkuu mmoja na mwingine, na nauli ya basi kutoka Mbale kupitia Kampala na Mutukula, ambayo kikundi chetu kiko tayari kuchangia kwa upande wa mapokezi. Vijana wenu waje Kaboya. Nimeambiwa kwamba desturi yenu kaburini ni jiwe, hamuweki maua. Mawe huku tunayo ya kutosha, lakini ningependa waje na ya kwao, ya Nabugoye.

Yeyote mtakayemtuma kuzungumzia jambo hili ashuke stendi ya Muleba, amuulize dereva wa bodaboda yeyote mwenye umri wa kutosha nyumbani kwa mwalimu mwenye baiskeli isiyo na matairi. Atapewa amwani, kahawa yetu ya kutafuna, kisha tutakwenda kwa miguu.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu,
Muleba, Kagera